Betri Iliyovaa Sweta

Wiki iliyopita gari la mwalimu wetu wa fizikia liligoma mbele ya ofisi. Ukizungusha ufunguo linasema ka! halafu kimya. Mwalimu, ambaye muhula mzima alituchorea saketi mpaka chaki zikaisha, alifungua boneti akaitazama injini kama mgeni asiyejua kabila lake. Sisi wa kidato cha tatu tukajaa pale kutoa ushauri usioombwa. Mimi sauti ile ilikuwa imenirudisha kijijini Yakobi, kwenye uwanja wa babu, asubuhi niliyokaribia kumnyima bibi macho yake.

Kama hujawahi kuamka Njombe mwezi wa saba, rafiki yangu, nikuambie. Nyasi zinaamka nyeupe, maji ya ndoo yana ngozi juu, na mtu akikusalimu “kamwene” unaiona salamu ikitoka mdomoni kama moshi. Babu alikuwa na pikapu iliyomzidi mama yangu umri. Kila jioni ya baridi aliifungua betri, akaibeba mpaka jikoni, akailaza kwenye gunia karibu na mafiga. Hata paka alijua upande ule una mwenyewe. Asubuhi kazi ya kuirudisha na kukaza vichwa vyake kwa spana ilikuwa yangu. Nilikuwa darasa la nne, na nilijiita daktari wa betri.

Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Viazi alimenya kwa vidole, chai aliipima kwa harufu. Wiki ile madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali ya Makambako, na siku ya bibi kupasuliwa ilikuwa Ijumaa, siku yao ya mwisho. Majina yangesomwa saa tatu. Ukikosa, unangoja warudi, na hakuna aliyejua ni lini.

Alhamisi jioni kiuno kilimshika babu, betri ikalala nje. Bibi akaguna, “Leo mtoto wa babu yako ataganda huko.” Mimi nikaingiwa na huruma. Nikachukua sweta langu bovu, nikalifumua, nikalegeza vichwa vya betri, nikavizungushia sufu vizuri kama mtoto mchanga, nikarudisha waya na kukaza. Nililala najisifu.

Asubuhi babu akazungusha ufunguo. Ka! Akarudia. Ka!

“Stata imekufa,” jirani akatoa hukumu.

“Injini imeganda,” akasema mzee wa kanisa. “Tuombe.”

Tukaomba. Ka! Tukasukuma, lakini uwanja wa babu uko bondeni. Gari lilipanda hatua mbili likarudi tatu. Mimi nilisukuma kuliko wote. Betri nilijua ni nzima, si nimeivalisha? Saa moja ilikuwa imepita, na magari ya abiria ya stendi hayaondoki mpaka yajae. Bibi alisimama mlangoni na kitenge chake cha Krismasi, mkoba kifuani, uso umeelekea kwenye ghala badala ya gari. “Limewaka?” anauliza. Sisi tunasukuma. Anauliza tena.

Ndipo akatokea dereva wa Makambako, mfanyabiashara wa viazi mwenye kofia ya kufuma, ambaye lori lake lilikuwa kijiji cha juu likipakia. Alikuja kumsalimia babu tu.

“Mzee wangu, acha kwanza kulitesa. Washa taa.”

Taa zikawaka, za manjano kidogo.

“Haya, piga.”

Ka! Taa zikazimika zote.

“Stata haina kosa,” akasema. “Ingekuwa stata mbovu, taa zingebaki zinakutazama. Nguvu ya betri ipo, ila haifiki. Taa zinaridhika na tone, stata inataka ndoo. Kuna mahali pameziba. Jana nani aligusa betri?”

Hapo ndipo sweta langu liliponijia, uzi kwa uzi. Nikautazama mkanda wa babu. Nikapata na akili ya kusingizia panya.

“Jamani, limewaka?” bibi akauliza ghala.

“Ni mimi,” nikasema. “Nilivifunga sufu. Visipate baridi.”

Dereva akainua kile kipande cha mpira kinachofunika betri. “Subhanallah,” akanong’ona. “Mzee, njoo uone. Amemvalisha mpaka shingoni.”

Wa kwanza kucheka alikuwa bibi. Dereva akazivua zile sufu, akakwangua vichwa kwa kisu mpaka vikang’aa, akamwagia maji ya moto ya chai, akafuta, akakaza. “Piga sasa.” Pikapu ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanguruma. Mzee wa kanisa akasema ni maombi. Dereva akasema, “Na spana, mzee, na spana.”

Tulifika Makambako majina yameshaanza kusomwa. La bibi lilikuwa bado. Babu alikaa kwenye benchi la nje akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu nyumbani, akaniambia maneno mawili tu: “Una bahati.”

Kesho yake walipomfungua bandeji, bibi alinitazama muda mrefu. “Kumbe ndivyo ulivyo mbaya hivi,” akasema, na nesi akacheka mpaka akaketi.

Siku hizi hanikosi hata nikiwa ng’ambo ya shamba. “Nakuona, rudisha hilo parachichi!” Lakini zamani, kabla ya Ijumaa ile, alinitambua kwa mikono. Nikiingia tu alinishika uso, akaanza na masikio, viganja vikinuka moshi na maganda ya viazi, akakaa hivyo mpaka aridhike kwamba ni mimi na si mtoto wa jirani. Tangu afunguliwe bandeji hajafanya hivyo tena, na kwa nini afanye? Siombi irudi, Mungu apishe mbali. Ila asubuhi za mwezi wa saba, nikielekea shule, masikio ndiyo huganda kwanza.