Idadi ya Ng'ombe wa Mzee Akonaay

Kazi yangu ni kuchapa, kutoa kopi na kuskani, hapa Katesh nyuma ya stendi. Miaka kumi na moja nimesoma siri za watu ambazo sikuziomba: talaka, kesi za mashamba, majibu ya hospitali. Nimezichoka. Ila fomu za mzee Akonaay zilinichosha kuliko zote.

Binti yake Fabiola alipata nafasi ya chuo Ujerumani. Ili apewe viza alitakiwa kufungua akaunti katika benki ya huko na kuweka humo fedha ya kuishi mwaka mzima, ifungwe, awe anatoa kidogo kila mwezi. Fabiola alikuwa Arusha akijifunza Kijerumani, kwa hiyo karatasi za baba yake, ambaye ndiye mlipaji, zilipitia kwangu. Benki ilitaka bili ya maji yenye jina lake. Mzee anakaa Nangwa, maji yanachotwa kwa ndoo, bili ataitoa wapi? Tukatuma barua ya mtendaji wa kijiji. Wakasema iwe ya Kiingereza. Ikawa ya Kiingereza, wakasema ina muhuri wa kijiji lakini haina wa wakili. Kila jibu lilipokuja mzee alikuja kwa miguu, na koti lake zito na fimbo, akakaa kwenye benchi akisubiri zamu yake kama mgonjwa.

Kisha wakauliza fedha imetoka wapi. Nikamuuliza mzee, akasema ameuza ng'ombe. Wangapi? Aliwatazama wateja wawili waliokuwa wanasubiri kopi, akasema kumi na wawili.

Nilijua hilo si jibu, ni adabu tu. Kwetu mtu mzima haulizwi idadi ya ng'ombe wake, na akiulizwa hataji. Tena ng'ombe hawakai boma moja. Unaweka wanne kwa rafiki Getanuwas, sita kwa shemeji Gehandu, na wewe unachunga wa wengine, mpaka hata jirani hajui nani ana nini. Mzee Akonaay alijulikana kuwa na wengi. Watu walimpisha kwenye vikao kwa sababu hiyo, na mwenye harusi akipungukiwa alianzia kuomba mlangoni kwake. Lakini nilikuwa na foleni, nikaandika kumi na wawili, nikatuma. Kosa hilo ni letu sote wawili.

Siku ya tisa benki ilijibu kwamba ng'ombe kumi na wawili hawawezi kuzaa fedha ile. Aeleze upya, aambatishe ushahidi, na ataje mifugo yote iliyobaki. Mwisho Ijumaa, la sivyo maombi yanafungwa. Nilimpigia simu nikamfokea, nakiri, na alinivumilia.

Alhamisi alikuja na mfuko wa plastiki. Aliomba nifunge mlango. Nilifunga, wateja wakanung'unika nje. Ndani ya mfuko mlikuwa na stakabadhi za minada mbalimbali, watatu huku, watano kule, aliuza hivyo ili asionekane. Nilijumlisha. Arobaini na mmoja.

"Na waliobaki?" nikauliza.

"Hakuna, mama Kelvin."

Nikamwambia nimewaona kwake, boma limejaa. Akasema wale ni wa watu, mmoja baada ya mwingine, hata yule anayemkamua ni wa jirani yake Bonaventura. Alisema kwa sauti ndogo, macho kwenye sakafu. Niliona aibu kwa kumfokea.

Nikachapa. Chini kabisa palikuwa na mahali pa kukubali kwamba taarifa hizi zitasomwa na watakaohusika. Akauliza ni akina nani. Nikamwambia ni watu wa benki, huko huko.

"Hao wasome, hawanijui. Na Fabiola?"

"Lazima asome, baba. Akaunti ni yake, na sahihi ni yake."

Akauliza kama ukurasa ule wa ng'ombe unaweza kurukwa. Hauwezi. Akasema basi nisitume. Nikakunja mikono nikasubiri. Mlango ukagongwa mara mbili. Mwishowe akasema nimtumie Fabiola, akajifuta uso kwa kofia.

Fabiola kwa kawaida hurudisha karatasi kwa barua pepe baada ya dakika tano. Siku hiyo zilipita saa mbili. Mzee hakuondoka, wala hakunywa soda niliyomnunulia. Kisha fomu ikarudi ikiwa imesainiwa, bila ujumbe wowote, na nikaituma benki papo hapo. Muda si muda simu ya mzee ikaita. Hajui kuisikiliza ila kwa sauti ya juu, kwa hiyo nilisikia yote.

Fabiola alimwamkia shikamoo. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyekwisha kulia. Akauliza habari za mama, za mahindi, za mvua. Baba yake alijibu kila swali kwa neno moja huku ameishika simu mbali na uso, akingoja. Salamu yetu haikamiliki bila mifugo, na Fabiola akiiruka atakuwa amesema kila kitu.

"Na ng'ombe wetu, baba, hawajambo?"

Mzee alifumba macho.

"Hawajambo, mwanangu. Wanakula vizuri."

"Wasalimie wote," akasema Fabiola.