Chuma cha Shapeli

Juzi kule Kyavinyonge muvuvi aliinua motere ya mutumbwi wake majini, nikaona chuma chenye mabawa matatu. Kimoja kama hicho kilitundikwa nje ya shapeli yetu Vuhovi, kikawa kengele: pole pole kwa sala, mbio mbio kwa kukimbia vita.

Mchana mumoja, nikiwa musichana mudogo, kililia mbio mbio, mama akitwanga sombe, majani ya muhogo. Kila kilipolia hivyo basoda wenye bunduki walifika. Niliamini ndicho kinabaita.

“Mama, mwambie katekista aache kupiga kengele! Batakuja!”

“Beba mudogo wako, twende!”

Harufu ya sombe mbichi ilitufuata mpaka mashambani, mikononi mwa mama.

“Hii chuma inafanya kazi gani?” nilimuuliza yule muvuvi wa Kyavinyonge.

“Bila hii, mama, hakuna mutu anatoka hapa.”

“Hata kwetu ilikuwa vile,” nikamujibu, nikikumbuka kengele yetu.