Matairi Makubwa Nyuma: Kumrudisha Bibi Bhoke Kemambo

Mke mwenza wa bibi yangu alikuwa anakataa kula. Hicho ndicho kilichonitoa Tarime mjini Jumamosi ile, msije mkadhani nilikwenda kutembea. Bibi Bhoke, aliyemzaa baba, na Bibi Robi, aliyeolewa na babu baadaye, wameishi boma moja Kemambo tangu ujana wao, na babu alipofariki hawakuachana. Bibi Robi haoni tena. Bibi Bhoke alipovunjika paja akatibiwa Mugumu, kisha akauguzwa kwa shangazi yangu Morotonga, mwenzake alibaki na wajukuu akawa anapungua kila mwezi. Vijiko viwili tu, sahani anaisukuma. Wiki ile alinipigia kwa simu ya jirani: "Marwa, kama Bhoke harudi, mwambie nilimsubiri." Nililia, sioni haya kusema.

Ijumaa jioni, Tarime. Kwenye basi bibi hawezi kukaa na lile paja, kwa hiyo lilibaki gari langu dogo, linalozungusha magurudumu yote manne. Nyuma limelala kidogo, nikaona mgonjwa atapigwa na kila shimo. Nikanunua matairi mawili makubwa ya mtumba yafungwe nyuma.

Mfunga matairi alinitazama. "Gari la namna hii ukibadili, badili yote manne. Ukubwa ukitofautiana utaunguza mashine ya katikati."

"Mgonjwa atalala nyuma, hatalala mbele," nikamjibu. Mjuaji mimi! Akafunga. Gari likasimama matako juu, nami nikalizunguka nikilisifu.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka. Nyamwaga ukungu ulikuwa bado juu ya migomba, na wanawake walikuwa wanawahi gulioni. Karibu na Genkuru malori ya mgodi yalinimwagia vumbi, na kila kona nikasikia kitu kinaguna chini ya miguu yangu. Nikaongeza sauti ya redio. Nikavuka Mto Mara, maji yamejaa na ni mekundu, na saa nne nikawa Morotonga.

Bibi alikuwa amekaa nje na magongo yake, nguo amezifunga tangu jana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona gari lako limeinama kama mbuzi anayekunywa maji?"

"Nimeinua nyuma kwa ajili yako."

"Haya. Robi anakula?"

Nikainama nikachukua mzigo wake. Akamwambia shangazi alete chai haraka, tuondoke. Tulikunja viti, tukatandika godoro, tukamlaza.

Saa nane mchana, mlima baada ya daraja la Mto Mara. Gari likawa zito kama limeshikwa na mtu. Usukani ukagoma, kikaja kishindo, kisha harufu ya oili inayoungua. Nikazima. Jua kali, bibi amelala nyuma, na Kemambo haiko karibu hata kidogo. Mwendesha bodaboda aliyekuwa anapita alinipa namba ya fundi mmoja wa Genkuru, Fundi Wambura. Alifika kwa pikipiki baada ya saa nzima, na saa ile sitaki kuikumbuka.

Hakufungua hata boneti. Alipiga jeki, akazungusha kamba ya katani kwenye tairi la mbele, akaweka fundo. Akaipeleka kwenye tairi la nyuma. Kamba ikapungua kiganja kizima.

"Unafanya kazi gani, mura, wewe kijana?"

"Seremala."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Seremala! Na hukupima?"

Alinieleza taratibu. Tairi dogo linazunguka mara nyingi, kubwa mara chache, na mashine ya katikati inakazana kuyapatanisha njia nzima bila kupumzika. Mimi nikaanza kubisha, eti tofauti ni ndogo. Bibi akainua kichwa kwenye godoro.

"Nyamaza wewe. Nimelima kwa plau miaka yote. Ukifunga dume na ndama nira moja, kwenye kona shingo ya nani inachubuka? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lililovunjika humu ni langu!"

"Bibi amemaliza kila kitu," Wambura akasema. Aliingia chini, akafungua propela inayopeleka nguvu nyuma, akaifunga juu ya gari kwa ile kamba yake. "Sasa linavutwa na mbele tu. Twende polepole, nitakufuata. Kesho weka manne yanayolingana, ndipo nikurudishie hii."

Tulipanda ule mlima kama tumebeba mayai. Mara mbili matairi ya mbele yaliteleza, na mara mbili Wambura akashuka kwenye pikipiki akasukuma. Nampenda mtu yule mpaka leo.

Kemambo tuliingia saa kumi na moja na nusu. Nimejifunza kupima, na nimejifunza kwamba unaweza kumpenda mtu ukamwumiza kwa ujuaji wako. Lakini nikifumba macho sioni matairi. Namwona Bibi Robi mlangoni, mikono mbele, akifuata sauti ya magongo. Alimshika Bhoke uso, akashuka mpaka kwenye paja, akalipapasa.

"Wamekuacha na kilema," akasema.

"Na wewe wamekuacha mifupa. Kaa chini."

Bibi Bhoke aliagiza ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Akaosha mikono, akamega tonge, akamtia mwenzake mdomoni. La pili. La tatu. La nne lilichelewa kidogo, kwa kuwa bibi alikuwa anafuta machozi, na Bibi Robi akauliza kwa ukali, "Bhoke, ugali umekwisha?"