Maziwa ya Nyumba Iliyofungwa

Mwaka jana walinialika Mbulu mjini kwenye sherehe ya kuwakumbuka askari wetu waliokufa katika vita vya Mwingereza. Nilikwenda kwa sababu baba yangu alikuwa mmoja wao, na pia, nisikufiche, kwa sababu waliahidi pilau. Wakanikalisha mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki kilichovalishwa kitambaa cheupe, nikapewa soda. Kisha mgeni rasmi, kijana wa suti ambaye ningeweza kumzaa mara mbili, akasimama kusoma hotuba. Akasema wazee wetu wa huku juu waliwatoa watoto wao kwa moyo mkunjufu, wakawasindikiza kwa ngoma na vigelegele. Nikaishusha soda. Vigelegele! Rafiki yangu, mimi nilikuwepo. Kaa nikuambie kulikuwa na nini.

Tulikuwa tukiishi Maretadu, katika nyumba ya bibi, mama yake baba. Ilikuwa nyumba ya udongo yenye paa bapa, nusu yake imechimbwa ndani ya kilima, na tulilala humo pamoja na ng'ombe. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito mpaka unasikia kengele ya ng'ombe usimwone ng'ombe mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuzoa samadi kabla jua halijachomoza, na mikono yangu ilipata joto kwenye samadi mbichi. Sioni haya kusema nililipenda joto lile. Nyuma yangu mama alikuwa akisaga mtama kwenye jiwe, na bibi alikuwa akifukiza kibuyu chake kwa kijinga cha moto kabla ya kutia maziwa. Maziwa hayo yalikuwa na ladha ya moshi, yameganda vizuri, na tulipoyala na ugali wa mtama hakuna aliyeuliza mboga. Kibuyu kile hakikushikwa na mtu mwingine. Hata mama alikiomba kwa adabu.

Bibi alikuwa na watoto wawili wa kiume, baba yangu na baba mdogo. Kaka zake walikuwa wamechukuliwa zamani kubeba mizigo katika vita vya Mjerumani, na hakuna aliyerudi. Kwa hiyo Mzungu yeyote aliyeita watu, hata kama anaita wa kuchanjwa, bibi alimtazama kwa jicho baya.

Baba hakusindikizwa na mtu. Jumbe aliamriwa atoe vijana, akaja na askari wake kwenye shamba la jirani ambako wanaume walikuwa wamekusanyika kulima kwa kusaidiana, kazi ambayo malipo yake ni pombe ya mtama jioni. Wakachagua wenye vifua vipana. Baba hakupewa nafasi ya kuja kuaga. Mama jirani, mwenye shamba lile, ndiye aliyekuja kwetu jioni ameshika jembe la baba, akalilaza mlangoni. Watoto wake wawili walikuwa wamechukuliwa siku hiyo hiyo. Hizo ndizo ngoma zetu na vigelegele vyetu.

Baada ya hapo vita vikawa mazungumzo ya kila mnada. Pale Dongobesh mwenye duka, Mwislamu mmoja mpole aliyetuuzia chumvi na shuka, alipata habari kwa madereva wa malori na kuzigawa bure. Alisema watu wetu wamevushwa bahari mpaka Bama, kwenye misitu na mvua. Wako waliosema tuvumilie, vita vikiisha vijana watarudi na makoti na fedha. Wako waliosema Mjerumani akirudi atatuchapa viboko kama zamani, heri kupigana. Na wako waliouliza, kwa sauti ya chini kwa sababu ya masikio ya jumbe, Bama imetukosea nini. Bibi hakuwa na sauti ya chini. Alisema, "Wanaogombana ni wao. Waturudishie watoto wetu, waendelee kugombana." Mwenye duka akajifanya anapanga mashuka.

Kisha, wakati mtama umeanza kuwa mwekundu, jumbe akapanda kilima chetu pamoja na tarishi wake. Akasimama uani, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," bibi akasema. "Sema ulichokuja nacho."

Akasema baba amekufa Bama, na kwamba Mfalme anashukuru. Mama aliacha kusaga. Mimi nilimtazama bibi usoni kuona kama ni kweli, nikaona ni kweli.

Lakini jumbe alikuwa na mengine mawili. La kwanza, baada ya mnada ujao atakuja kuchukua vijana wengine wa kujaza nafasi, na baba mdogo yumo. La pili, Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, hataki nyumba zifungwe, maana mavuno yako karibu.

Hapa lazima nikueleze, kwa sababu siku hizi hata wajukuu zangu hawajui. Kwetu kifo cha namna hii kikiingia nyumba, nyumba hufungwa. Tulikuwa na neno lake, metimani. Matawi ya miiba yanalazwa njiani. Hakuna jirani anayeingia, hakuna anayeomba moto wala kuonja chakula cha nyumba hiyo. Ng'ombe wake wanachungwa peke yao, watu wake wanapita njia yao. Atakayekula au kunywa humo anabeba kifo kwenda nacho kwake, na nyumba yake inafungwa pia. Hilo halikuwa jambo la mzaha. Watu walizunguka mbali na miiba ile hata mvua ikinyesha.

Jumbe, ambaye alizaliwa hapa hapa na alijua yote hayo, akaleta ujanja. Akasema maiti haipo, hakuna kaburi, kwa hiyo hakuna cha kufungia nyumba. Hata wazee wawili watatu waliokuwa wamefika wakaanza kuitikia kwa vichwa, kwamba labda kweli.

Bibi akamuuliza, "Mwanangu amekufa au hajafa? Kama amekufa, nyumba yangu imefungwa. Kama hajafa, mrudisheni."

Jumbe akavaa kofia, akashuka. Baba mdogo akaenda kukata miiba.

Asubuhi yake jua lilipoondoa ukungu tukamwona mama jirani, yule wa jembe, amesimama mbele ya miiba yetu. Mama akampigia kelele arudi. Hakurudi. Akaisogeza miiba kwa mguu, akaingia mpaka uani na kumwambia bibi, "Nipe maziwa."

"Utafungwa," bibi akasema.

"Wangu wawili wako huko huko. Nakaa nikingoja kuambiwa wa kwanza ni yupi. Na huyu kijana wako wanamchukua wiki ijayo, halafu wanarudi kwa mwanangu wa mwisho. Nipe."

Bibi akampa kibuyu kile ambacho hakikushikwa na mtu. Akanywa mbele yetu sote, akafuta mdomo, akaenda kwake kukata miiba. Hajafika mbali, mwingine akaja. Kisha mwingine. Wanawake wa kilima kile walikuja mmoja mmoja kwa miguu yao wenyewe, wakanywa msiba wetu kama wanavyokunywa dawa chungu, na kila mmoja akaenda kufunga kwake. Nilikuwa nalia, lakini nakuambia kweli, nilikuwa najisikia mkubwa kama mlima Hanang.

Baada ya mnada jumbe akaja na askari wenye bunduki. Njia ya kilima chetu ilikuwa imejaa miiba kutoka chini mpaka juu. Nyuma ya miiba walisimama wanawake, kila mmoja na kibuyu chake. Askari mmoja mgeni alitaka kuruka. Tarishi akamdaka mkanda kwa nguvu mpaka wote wawili wakakaa chini.

Bibi akatangulia mbele. Jumbe alikuwa amepanda kilima juani, midomo imekauka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu maziwa."

Alikinyoosha kibuyu juu ya miiba. Kwetu kumkatalia mama mzee maziwa ni matusi, na kuyanywa yale ni kupeleka kifo kwa wake zako na watoto wako. Jumbe alikitazama kibuyu kile muda mrefu. Jasho lilikuwa likimtoka, na sikumhurumia.

"Mama, nimetumwa."

"Nami nakutuma. Mwambie Bwana Shauri awarudishe waliobaki hai. Siku watakapopanda njia hii, tutafungua."

Wakashuka mikono mitupu. Hata kuswaga ng'ombe wetu kuwa faini hawakuweza, maana nani angewaweka zizini kwake?

Sitakudanganya kwamba tulivizuia vita. Walikwenda kukamata vijana wa upande wa Yaeda Chini, na hao nao walikuwa na mama zao. Na sisi tulilipia. Mnadani hatukukanyaga, kwa hiyo tulikula maharage bila chumvi mpaka nikasahau ladha yake. Mtama wetu tulivuna wenyewe kwa wenyewe. Lakini baba mdogo alivuna pamoja nasi. Aliishi, akaoa, akazeeka, akafia kitandani kwake akiwa analalamikia uji.

Vita vilipokwisha askari wakaanza kurudi. Kwa mama jirani alirudi mmoja. Nyumba zikafunguliwa, watu wakanyoa nywele, moto wa zamani ukazimwa na mpya ukawashwa. Bibi peke yake alikataa. Alisema aliahidi kufungua mwanawe akipanda njia ile, na bado hajamwona. Alitembea njia yake mwenyewe pembezoni mwa mashamba mpaka tulipomzika. Leo pale imepita barabara ya pikipiki, nyumba imeporomoka ndani ya kilima, na miiba tunazungushia kuku.

Hotuba ilipokwisha, yule kijana wa suti akaja kunisalimia. Shikamoo yake ilikuwa nzuri, siwezi kumnyima hilo. Jasho lilimtoka kwa kusema sana. Akaniuliza nina neno gani kwa ajili ya mashujaa wetu.

Nikamnyooshea chupa yangu ya soda, niliyokuwa nimeinywa nusu, mimi mtoto wa nyumba ambayo haikufunguliwa.

"Karibu, mwanangu. Kunywa."

Kina mama wawili wazee waliokaa nyuma yangu wakavuta viti vyao nyuma. Yeye akaipokea kwa mikono miwili, akainywa yote, akanishukuru.