Kitufe Mfukoni mwa Dera

Siku tatu zile sikukaa kitako. Nilikuwa nafagia ua uliokwisha fagiwa, nachungulia barabarani, narudi ndani kumtazama mume wangu Haruna, natoka tena. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa bandeji, na chini ya bandeji kulikuwa na nyaya ishirini na moja zilizogandishwa kwa gundi, zikishuka mgongoni hadi kwenye kisanduku kiunoni. Juu ya yote alivaa kofia yake ya Ijumaa, ikakaa kama mfuniko wa sufuria nyingine.

Kisanduku kilikuwa kinanasa mawimbi ya ubongo, usiku na mchana. Kilikuja na kitufe na daftari. Daktari Rodgers, aliyeletwa Kigoma kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, alinikabidhi mimi vyote viwili. "Mama Nasma, ukiona lolote bonyeza, kisha andika saa na alichofanya. Mashine inaona ndani, wewe unaona nje."

Ilikuwa mwaka 2015, wakimbizi wamejaa ufukweni Kagunga, mpakani, kwa maelfu, na Haruna, nahodha wa boti ya mbao yenye injini, alikuwa mmoja wa waliowaleta mjini. Siku moja mwaloni, boti zinapotia nanga, muuguzi aitwaye Selina alimwona amesimama na kamba mkononi, anatafuna na mdomoni hamna kitu, anapapasa kifungo cha shati, boti inagonga mawe na yeye hana habari. Alipomwambia akapimwe, Haruna aliwaka. "Mimi sijaanguka hata siku moja. Kifafa ni cha wanaoanguka." Alikubali mashine ili kumkomesha tu. Jumatatu ilikuwa zamu yake ya kwenda Kagunga tena, na boti ile ilikuwa hairudi na watu chini ya themanini.

Sasa niseme ukweli, maana nimechoka kuubeba. Mimi nilijua. Nilijua tangu tulipokwenda msibani Ilagala, miaka sita nyuma, akasimama katikati ya kupokea pole, macho wazi na mwenyewe hayupo. Baada ya dakika mbili akarudi, akaendelea na salamu kana kwamba hapakutokea kitu. Jina la jambo lile sikulijua, ila dalili yake niliijua. Kabla halijamchukua huuliza, "Nani anaunguza mawese?" na hakuna anayekaanga chochote. Akiuliza hivyo, mimi nasogea karibu.

Kwetu Ujiji salamu si neno moja. Mtu atakuuliza ya nyumbani, ya watoto, ya kazi, ya mgonjwa wa jirani, na usipojibu umemdharau. Basi nikawa namjibia. "Salama, Mzee, huyu anawaza injini yake." Miaka sita nimemjibia mume wangu, mpaka watu wakasema Mwanakombo ana mdomo, hampi mumewe nafasi. Nikakubali kuitwa mwenye mdomo. Nilijiona namsitiri, tena nilijisifu kimoyomoyo.

Na kulikuwa na Nasma, binti yetu. Alikuwa ameposwa na watu wa mtaa wa Rusimbi, na kabla ya kufikia mahari watu hupeleleza jambo moja kwanza: kwenye ukoo huo kuna kifafa?

Siku ya kwanza ya mashine, asubuhi, muuza migebuka alisimama mlangoni. "Mwakeye, Baba Nasma," akamsalimia kwa Kiha. Haruna alinusa hewa. "Nani anaunguza mawese?" Vidole vikaenda kwenye kifungo cha shati. Kitufe kilikuwa mfukoni mwa dera langu, nimekishika. Nikamjibu muuza samaki mimi, nikanunua migebuka miwili nisiyoihitaji ili aondoke upesi. Sikubonyeza. Kwenye daftari nikaandika: Leo mzima. Siku ya pili ilimjia mara mbili, nikaandika mzima. Siku ya tatu ilimjia mara nne, na bado nikaandika mzima.

Jumatatu alfajiri, kabla ya boti, tulikuwa mbele ya daktari. Aliliweka daftari langu kando ya kompyuta.

"Mara kumi na moja," alisema. "Nne kati ya hizo akiwa usingizini. Zote zinaanza hapa." Akagusa juu ya sikio la kushoto la Haruna. "Kipo kifafa kinachoukamata ubongo wote, mtu akaanguka. Na kipo kinachoanzia upande mmoja na kubaki huko. Mtu anasimama, anatafuna, anapapasa, hasikii."

"Na harufu ya mawese?" Haruna aliuliza polepole.

"Hiyo ndiyo mwanzo wake. Jana moja ilikaribia kusambaa pande zote. Ikisambaa, utaanguka. Dawa zipo, lakini injini ya boti usiishike." Kisha akanigeukia. "Ijumaa, saa nne na dakika kumi. Mama Nasma, ulikuwa wapi?"

Uongo nilikuwa nao tayari: nilikuwa jikoni. Haruna alinitazama kwa macho ya mtu anayetaka iwe kweli kwamba sikuwapo.

"Nilikuwa kando yake," nikasema. "Niliona. Nimeona miaka sita."

Haruna hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Ukajua, na ukaniacha nibebe watoto wa watu."

Nililia pale pale, na aibu yangu yote. Yeye akampigia simu mwenzake Bonifasi aishike boti, akabaki nchi kavu.

Jumamosi, dawa zikiwa na siku tano tu, Mzee Omari wa Rusimbi, baba wa mchumba, alifika kwetu. "Assalaam alaykum," akasema, akampa Haruna mkono.

"Nani anaunguza..." Haruna hakumaliza. Mkono wake ukabaki ndani ya mkono wa mzee, mdomo ukaanza kutafuna.

Nasma alikuwa mlangoni na sinia la chai. Maneno ya kumjibia yalikuwa yamekwisha fika ulimini mwangu, nikayameza.

"Mzee," nikasema, "mume wangu ana kifafa. Sasa hivi hakusikii. Ni dakika mbili, tumsubiri."

Mzee Omari alinitazama, akamtazama Nasma, akautazama ule mkono. Hakuuachia. Nikasimama kando yao, tukasubiri.

"Waalaykum salaam, Mzee," Haruna akasema hatimaye. "Karibu ndani."

Mzee Omari akainama, akavua viatu.