Nilisema ni Ng'ombe Waliomaliza Miche ya Tuzo

Admin, nifiche sana, maana Sumbawanga ni ndogo na wengi tupo humu. Nina miaka 36, mama wa watoto watatu, naishi Mollo. Ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama tunaotunza chemchemi yetu. Kila kiangazi ilikuwa inakauka, tukaamua kuotesha miche ya miti ya asili tuizungushie. Mwaka huu tukaomba tuzo ya mazingira ambayo shirika moja linawapa vikundi na wanafunzi wa vyuo. Tukaingia fainali! Ilibaki majaji waje kuona kitalu, na mshindi akaipokelee Dodoma.

Hiyo Dodoma ndiyo iliyoniponza. Mume wangu alinikuta kitaluni asubuhi, niko peke yangu namwagilia. "Dodoma unaenda kulala na nani? Au umeshakuwa waziri?" Kabla sijajibu alinipiga ubapa wa panga mgongoni, nikaanguka. Akageukia miche. Alifyeka mstari kwa mstari huku akinitukana, nami nimelala chini namwangalia.

Wenzangu walipofika walilia kama msibani. Majaji walikuwa wanakuja kesho yake. Niliona aibu, na kusema kweli nilimwogopa mume wangu. Nikasema, "Ng'ombe wamevunja uzio."

Jamani, sikutaja mtu! Lakini anayechunga karibu na pale ni mmoja tu, baba wa watu anayetuuzia maziwa. Wanaume wa kijiji walimburuta hadi kitaluni, mume wangu akiwa mbele. Yule baba akainama, akaokota mche, akanitazama mimi. "Mwenyekiti, angalia shina. Ng'ombe anang'oa, hakati hivi. Hili ni panga."

Nikageuza uso. Fimbo ya kwanza ilimpata mdomoni, na aliyeipiga ni mume wangu. Wengine wakafuata, fimbo, mateke, mawe. Nilisikia taya likivunjika. Damu ilimwagika kwenye viriba vya miche, na mimi nimeshika ndoo yangu ya maji. Polisi walipokuja, hakuna aliyeona kitu.

Majaji walifika, wakaambiwa ni ng'ombe, wakapiga picha, wakatusifu kwa uvumilivu. Tumeshinda.

Yule baba bado yuko hospitali, taya limefungwa waya. Juzi mke wake alikuja kwangu. "Dada, hawezi kuongea. Ila kila nikimnywesha uji anafanya mkono hivi." Akanionyesha, mkono unapita hewani kama wa mtu anayefyeka. "Wewe unaelewa anasema nini?"

Nikamwambia sielewi. Najichukia.

Sherehe ni Jumamosi hii. Nikisema ukweli mume wangu atafungwa, wanangu watabaki bila baba, na wenzangu waliobeba maji kichwani miezi yote watanyang'anywa tuzo kwa ajili yangu. Nikinyamaza, yule baba ataitwa mharibifu hadi anaingia kaburini. Mume wangu sasa amekubali niende, ila anasema tutaenda wote akanipigie makofi. Hapa ninapoandika ananyoosha shati lake.

Ndugu zangu, nishaurini. Wakinipa maiki pale mbele, niseme nini?