Gari Lililokaa Chini

Ninakaa Chamwino na ninafanya kazi Dodoma mjini. Asubuhi naelekea magharibi, jioni narudi mashariki, kwa hiyo jua liko mgongoni kwangu kwenda na kurudi. Miaka yote niliyokuwa na gari hili, jua halijanipiga machoni nikienda kazini. Kilicho mbele yangu ni kivuli cha gari, kirefu na chembamba, kinatangulia juu ya lami. Naona kama kivuli ndicho kinachoendesha na mimi nafuata. Asubuhi za kiangazi, lami ikiwa bado ya baridi na upepo haujaanza kubeba vumbi, huwa nafika mjini bila kukumbuka nimebadilisha gia wapi.

Ni gari dogo jekundu, la watu wanaopenda mwendo. Liko chini. Gia zake ni za mkono, springi zake ngumu, na bomba lake la moshi linanguruma kuliko ukubwa wa gari lenyewe. Viti vya mbele vimebonyea kama bakuli, na ukikaa vinakushika mbavu. Unakaa karibu na sakafu, miguu imenyooka mbele, na dunia unaiangalia kutoka chini, kama mtoto aliyelala kifudifudi shambani akitazama mizabibu.

Nililipata kwa kazi. Mimi ni fundi wa vioo na madirisha ya aluminiamu. Mtumishi mmoja wa serikali alijenga nyumba kubwa Msalato, nikamfungia madirisha yote. Alipohamia alikuwa ameshapata gari refu, na hili dogo hakulihitaji tena. Akaniambia, "Kijana, madirisha yangu na gari langu hili, tuseme tumemalizana?"

Mimi nina haya tangu utotoni. Furaha ikinijaa, maneno yanakwama. Nilisimama pale nikiangalia tairi. Akadhani nakataa, akasema, "Haya, basi naongeza na matairi mapya mawili ya mbele."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa na gari.

Nyumbani tunaishi wawili, mimi na mama. Baba alifariki nikiwa darasa la saba, na shule yangu ikaishia hapo. Mbele ya nyumba yetu kuna mtaro wa maji ya mvua uliopangwa mawe, na huwezi kuingia uani bila kuuvuka. Gari langu lilikuwa chini kiasi kwamba kila jioni tumbo lake lilikwaruza jiwe moja pale: krrr. Nilijaribu kuingia kwa pembeni, nikajaribu kwa taratibu, likakwaruza tu. Vijana wa bodaboda wana kijiwe chao ng'ambo ya barabara, na wao walikuwa wanaisubiri ile sauti.

"Dogo, hilo gari mbona limekaa chini kama linangoja ugali?"

"Mwacheni, linanawa mikono kwanza."

Nilikuwa nacheka na kuingia ndani. Hawakujua kwamba kule kukaa chini ndiko nilikokupenda. Kwenye kona gari lilikuwa linashika barabara kama kiganja kinavyoshika mpini wa jembe.

Kulikuwa na jambo moja tu nililolitaka kwa gari lile zaidi ya kunifikisha kazini. Mama ni mzaliwa wa upande wa Chemba. Kila mwaka baada ya mavuno huenda kumsalimia dada yake, mama yangu mkubwa, ambaye bado analima kule. Humpelekea mlenda mkavu na zabibu, hurudi na ufuta. Alikuwa anakwenda kwa basi, anashuka Dodoma, anasubiri, anapanda jingine, na akirudi analala mchana kutwa kwa uchovu. Nilitaka nimpeleke mimi. Nilishaiona safari hiyo kichwani mara nyingi nikiwa njiani: mama pembeni yangu, vilima vya mawe vinapita polepole, na yeye anaonyesha kwa kidole mahali alipokuwa akichunga mbuzi.

Mwaka wa kwanza niliosha gari mpaka likang'aa, nikamfungulia mlango wa mbele. Mama alisimama na kikapu chake akaangalia ndani. Aliangalia kwa muda.

"Safari nyingine, baba," akasema. Huniita baba akitaka kunibembeleza. "Magoti yangu haya, na gari lako liko chini mno."

Nikampeleka kituoni kwa miguu, nimebeba kikapu.

Mwaka uliofuata, magoti. Uliofuata, magoti. Hata sokoni hakupanda. Jirani yetu anayeuza maandazi alinisimamisha siku moja. "Hivi wewe, gari unalo na mama yako anapanda boda. Mmekosana?"

"Hapana, mama."

"Basi kuna nini?"

Niliitikia kwa kichwa kana kwamba ameniaga, nikaondoka.

Miaka ikaenda. Rangi ya paa ikafifia kwa jua mpaka ikawa kama ya kaptula ya shule iliyofuliwa sana. Namba za gia zikafutika kwenye kirungu chake, lakini mkono wangu wa kushoto hauzihitaji. Klachi iliisha, nikabadilisha. Kichujio cha hewa kila nikikifungua kilikuwa na vumbi letu, lile jekundu, laini kama unga. Nilijifunza kusikia homa ya gari kabla haijapanda. Na kila jioni, mizabibu ikiwa imetulia pembeni na kivuli changu kimeshafika nyumbani kabla yangu, nilivuka mtaro: krrr. Nikizima injini, mama tayari alikuwa jikoni na maji ya ugali yanachemka.

Mwaka jana niliamua. Kama ni magoti, gari liende juu. Huku kwetu watu wengi huinua magari yao madogo kwa ajili ya barabara mbovu. Fundi anaweka vipande vinene juu ya springi, tunaviita spesa, na gari linanyanyuka. Miaka yote nilikuwa nimekataa, kwa sababu gari la namna ile ukiliinua unalitoa roho.

Fundi wangu wa gereji alinishangaa. "Wewe si ulisema utakufa nalo hivihivi? Umepatwa na nini?"

"Mama," nikasema.

"Mama yupi? Mama mkwe?" Wenzake wakacheka.

"Mama mzazi."

Akaweka spana chini. "Haya. Mama mzazi hana mjadala. Leta jeki."

Gari likatoka pale limesimama kama ndama wa jana, miguu mirefu kuliko mwili. Kwenye kona ya kwanza likayumba. Niliendesha polepole mpaka nyumbani. Nikavuka mtaro, hakuna kilichogusa. Mama alitokea mlangoni na ufagio mkononi, ameshtuka.

"Umefika saa ngapi wewe?"

Jiko lilikuwa bado halijawashwa. Sikulitilia maanani jambo hilo.

Mwisho wa wiki ile ndipo ilipokuwa safari. Niliweka kikapu cha mlenda na zabibu kwenye kiti cha nyuma, nikamfungulia mama mlango wa mbele, mahali pa heshima. Alikuwa amevaa kitenge chake cha safari. Akalizunguka gari.

"Leo limesimama," akasema.

"Nimeliinua. Kwa ajili ya magoti."

Aliniangalia, kisha akaangalia chini. Akaingia, akakaa. Nilizunguka mbio kwenda upande wangu. Nikaingia, nikafunga mlango. Nilipomgeukia, mama alikuwa anaitazama miguu yake. Ilikuwa imenyooka mbele, imeingia chini ya dashibodi, kitenge kimetandazwa juu yake. Mikono ameilaza mapajani. Springi zilikuwa zimepanda, lakini kiti kilikuwa kilekile na sakafu ilikuwa ileile.

"Ngoja kidogo," akasema.

Akafungua mlango akatoka. Alitoka kwa wepesi, kama msichana. Magoti hayakumsumbua hata kidogo.

Nami nikatoka. Tukasimama, gari likiwa katikati yetu, kila mmoja anaangalia paa.

"Si magoti, mama?"

"Si magoti."

Alipitisha kanga yake juu ya paa la gari, akafuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Alipokufa baba yako nilikaa hivi," akasema. "Chini kwenye mkeka, miguu mbele, siku zote za matanga. Kila anayeingia anakuta kwanza miguu yangu, halafu ndiyo ananipa pole. Siku ile ya kwanza uliponifungulia mlango nilikiona kile kiti, nikauona mkeka. Sasa nikakae hivyo kwa hiari yangu, si najiitia msiba mwingine? Na mwenye gari ni wewe. Nina wewe tu."

Nikakiangalia tena kile kiti.

"Na dada yangu," akaendelea, "akiniona kwenye kioo nimekaa hivyo, atapiga yowe kabla hujazima gari."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa umeliosha likang'aa."

Sikuwa na hasira. Nilihisi kama mtu aliyesukuma mlango kwa miaka kumbe ulikuwa wa kuvuta. Nikamwambia, "Haya, mama. Nikusindikize kituoni."

Akafungua mlango wa nyuma achukue kikapu. Kikapu kilikuwa kimejibana nyuma ya kiti changu, upande wa pili. Akavuta, hakikutoka. Akakaa kwenye ukingo wa kiti ili akifikie vizuri, akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Nyuma mle hakuna nafasi. Gari lilitengenezwa kwa ajili ya watu wawili wa mbele, nyuma wakaongeza kiti cha kukaza roho. Ukikaa, magoti yanapanda juu, yanakaribia kifua.

Mama akajiangalia. Alikuwa amekaa kama anavyokaa kwenye kigoda chake jikoni, akisonga ugali.

"Hapa je?" akauliza.

"Nyuma, mama?"

"Nyuma kuna nini?"

"Watu watasema nimekupakia kama gunia la alizeti."

"Watasema nina dereva," akasema. "Hawa wakubwa wanaopita hapa kila siku na magari yao marefu, wanakaa wapi? Mbele?"

Hapa Chamwino jambo hilo kila mtu analijua. Misafara ya viongozi inapita, na mkubwa yuko nyuma, upande wa kushoto, anaangalia nje. Mama alikuwa upande huohuo wa kushoto. Akakipakata kikapu.

"Endesha," akasema.

Tulipotokea barabarani, kijiwe kizima kilisimama. Walikuwa hawajawahi kumwona mama ndani ya gari lile.

"Mheshimiwa, shikamoo!" mmoja akapaza sauti, ameweka mkono kwenye kofia.

Mama alishusha kioo, akainua kiganja polepole kama alivyowaona wakubwa wenyewe wakifanya. "Marahaba. Chapeni kazi."

Mpaka tunafika mjini nilikuwa bado nacheka peke yangu, na kivuli chetu kiko mbele kama kawaida. Tulipoupita mji tukashika njia ya kaskazini, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kutoka kwenye usukani ule. Kivuli kilihama. Kilitoka mbele kikaja upande wa kushoto, kikawa kinakimbia sambamba nasi juu ya majani makavu, na ndani yake kulionekana vichwa viwili. Tuliipita Msalato, tukayapita madirisha yangu mwenyewe, yanawaka kwa jua. Kwa mbali chamchela wa vumbi alinyanyuka shambani, akazunguka, akalala tena.

Na mama aliongea. Nyumbani tunakaa uso kwa uso na hatuongei, kila mmoja anaogopa macho ya mwenzake. Pale nilimwona kipande tu kwenye kioo, naye aliona kisogo changu, na maneno yakatoka. Alinionyesha mahali pa mbuzi. Aliniambia baba naye alikuwa mtu wa haya, kwamba alipokuja kumposa alikaa mchana kutwa akiongea habari za mvua.

Halafu akasema, "Wiki hii unanitia aibu. Unafika sijasikia. Zamani likikwaruza pale mtaroni najua mwanangu huyo, naweka maji ya ugali. Sasa unanikuta mikono mitupu."

"Kumbe ulikuwa unasikiliza hiyo?"

"Pikipiki zote zinanguruma, magari yote yananguruma. Linalokwaruza ni moja." Akakishika kiti changu kwa nyuma. "Na tena hivi linayumba. Linanipa kichefuchefu."

Mama mkubwa alitoka nyumbani kwake aliposikia injini. Aliinama akaangalia kiti cha mbele, kitupu. Akaja dirisha la nyuma, ameweka mkono juu ya macho. Mama alikuwa amekaa, magoti juu, kikapu juu ya magoti, mkubwa kamili.

Mama mkubwa akapiga kigelegele kilichowatoa kuku chini ya ghala.

Spesa nilizitoa wiki iliyofuata. Fundi hakuniuliza, alicheka tu akaleta jeki. Jioni ile gari lilirudi kushika kona kama zamani, na kivuli kilitangulia mbele mpaka kwenye mizabibu. Nikaingia mtaroni bila kujaribu pembeni wala taratibu.

Krrr.

Kabla sijazima injini nilisikia kutoka jikoni mfuniko wa sufuria ukiwekwa.